Kuzunguka Ahmedabad kwa Bajaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ahmedabad ndilo jiji kubwa kuliko yote katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India. Waswahili wengi hufika huko kwa masomo, biashara ya vitambaa au matibabu, kisha hujikuta wana siku moja au mbili za kutembea na hawajui waanzie wapi. Maswali yaliyo hapa ni yale yale yanayorudiwa kila mara. Mwenye haraka aanze na swali la kukodi kwa siku nzima au kwa safari moja moja, maana hapo ndipo wageni wengi hupoteza pesa na muda.

## Mambo ya msingi

Kwa nini Ahmedabad, wakati kila mtu anataja Delhi, Agra na Jaipur?

Kwa sababu mji wake wa kale bado unaishi. Sultani Ahmad Shah wa Kwanza aliuanzisha mwaka 1411 kwenye ukingo wa mashariki wa mto Sabarmati. Leo ndani ya eneo lile lile lililozungushiwa ukuta kuna watu wanaolala, wanaouza dhahabu, wanaoswali na wanaolisha njiwa. Mwaka 2017 UNESCO iliutangaza kuwa mji wa urithi wa dunia, wa kwanza kupata hadhi hiyo nchini India.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ipo sababu ya pili. Baadhi ya majengo yake mazuri kabisa yanabeba majina ya watu wenye asili ya Afrika (tazama swali la Jali). Na Gujarat ndiko walikotoka mababu wa Wahindi wengi wa Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Kampala.

Bajaji za huko ni kama zetu?

Ni zile zile za magurudumu matatu, dereva mbele na abiria nyuma, na nyingi zimetengenezwa na kampuni ile ile ya Bajaj yenye makao Pune. Tofauti utakayoigundua haraka ni kwamba nyingi hutumia gesi asilia iliyoshindiliwa kwenye mtungi, na zimepakwa kijani na njano. Usishangae basi dereva akikata kona kuingia kituo cha gesi na kupanga foleni ukiwa umekaa nyuma. Kama una haraka, mwulize kabla hamjaondoka.

Ukisema "bajaji" hawatakuelewa. Sema "riksha" au "auto".

Lazima nijue Kigujarati au Kihindi?

Si lazima, lakini Kiingereza peke yake hakitoshi kwa kila dereva. Ukisema "meter chalu karo", umemwomba awashe mita. "Ketla?" ni kuuliza bei. "Dabi baju" ni kushoto, "jamni baju" ni kulia, na "dhire dhire" ni polepole, ombi ambalo utalihitaji. Dereva mwite "bhai", yaani kaka. Wenyewe huitana hivyo, na jina la mtu Gujarat mara nyingi hufuatwa na "bhai" kwa mwanamume na "ben" kwa mwanamke.

Jambo muhimu kuliko lugha ni kutaja alama ambazo madereva wanazijua. Anwani ya mtaa na namba ya nyumba haimsaidii mtu. Taja milango ya zamani ya mji (Delhi Darwaza, Raipur, Astodia, Jamalpur), madaraja (Nehru Bridge, Ellis Bridge, Subhash Bridge) au Lal Darwaja, kituo kikubwa cha mabasi cha katikati ya mji. Stesheni ya treni waite "Kalupur".

Nitafikaje jijini, na nikifika nitapata bajaji?

Ahmedabad ina uwanja wake wa ndege wa kimataifa, takriban kilomita 10 kaskazini mwa mji wa kale, na wengi huunganisha kupitia Ghuba. Wengine hutua Mumbai kisha hupanda treni. Safari ni karibu kilomita 490, na treni za kasi huichukua kwa saa tano na ushei hadi sita na nusu.

Bajaji utazikuta kote kuwili. Pale Kalupur madereva watakudaka hata kabla hujatoka mlangoni, na wanaokudaka ndio ghali. Toka nje kabisa hadi barabara kubwa, simamisha inayopita.

Miezi gani inafaa?

Novemba hadi Februari, bila mjadala. Bajaji haina kiyoyozi, na kuanzia Aprili hadi katikati ya Juni joto hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Mei 2010 joto liliua watu wengi jijini, na mwaka 2013 Ahmedabad ikawa na mpango rasmi wa kukabiliana na joto kali, jambo lililoigwa na miji mingine ya India. Ukilazimika kwenda wakati huo, soma swali la joto na mvua huko chini.

## Nauli na malipo

Mita inahesabu vipi?

Nauli hupangwa na serikali ya jimbo. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2022, kilomita 1.2 za kwanza ni rupia 20, kisha rupia 15 kwa kila kilomita. Kwa hiyo safari ya kilomita 5 inakuja karibu rupia 77. Viwango hupanda bei ya gesi ikipanda, basi ulizia hotelini au kwa mwenyeji wako kiwango cha sasa, halafu fanya hesabu mwenyewe kwa kutumia umbali wa kwenye ramani ya simu. Hesabu hiyo ni ya dakika moja na inakupa kauli.

Hakikisha mita imeanza upya kabla ya gurudumu kuzunguka. Mita ikianza na kiasi cha abiria aliyeshuka, utakuwa umemlipia yeye pia.

Dereva akikataa kuwasha mita je?

Kuna wanaokataa hasa kwa mgeni, na zaidi karibu na stesheni na vivutio. Tangu mwanzo wa 2025 polisi wa usalama barabarani jijini wamekuwa wakiwabana wenye riksha zisizo na mita za kidijitali, kwa hiyo kauli ya "mita imeharibika" haina nguvu kama zamani. Una njia tatu: shuka utafute nyingine, kwa sababu nyingine itapita baada ya nusu dakika, patana bei ukiwa tayari na hesabu yako kichwani, au tumia programu ya simu.

Mimi napendelea kushuka. Ugomvi wa rupia 30 juani haukusaidii, na dereva wa tatu au wa nne kwa kawaida huwasha mita bila hata kuambiwa. Ila kosa lisilosameheka ni kupanda bila mita wala bei. Huko ni kutia sahihi hundi isiyo na kiasi.

Programu za simu zinafanya kazi?

Ndiyo. Uber, Ola na Rapido zote zina bajaji Ahmedabad. Kuna zinazodai namba ya simu ya India, kwa hiyo kama utakaa zaidi ya siku chache nunua laini (nenda na pasipoti, na usitarajie iwake papo hapo). Dereva akifika atakuomba tarakimu nne zilizo kwenye simu yako ndipo safari ianze. Faida kubwa ni kwamba bei inajulikana na njia inaonekana.

Hasara ipo ndani ya mji wa kale. Vichochoro vimebanana kiasi kwamba alama ya ramani hukuonyesha upande wa pili wa ukuta, dereva anakusubiri mtaa mwingine na wewe unapunga mkono hewani. Huko, tembea hadi barabara pana au mlango wa mji ndipo uite.

Nilipe kwa pesa taslimu au simu?

Wenyeji hulipa kwa simu kwa kupiga picha msimbo uliobandikwa nyuma ya kiti cha dereva. Mfumo huo umefungamanishwa na benki za India, hivyo kadi yako ya nyumbani haitaingia humo moja kwa moja. Beba noti ndogo: za 10, 20, 50 na 100. Noti ya 500 asubuhi na mapema ni kero kwa wote wawili, na neno utakalosikia ni kwamba hakuna chenji. Angalia pia unachorudishiwa. Noti iliyochanika hakuna dereva atakayeipokea kwako, lakini wapo watakaojaribu kukupa.

Bakshishi si desturi ya lazima kwenye bajaji. Mita ikisoma 77 mwachie 80, basi.

Nikodi kwa siku nzima au kwa safari moja moja?

Hapa nina msimamo. Ndani ya mji wa kale, usikodi kwa siku. Vivutio vyake vimekaribiana, barabara zimejaa, na sehemu nzuri hazipitiki kwa gurudumu. Utakuwa unamlipa mtu alale kivulini huku wewe ukitembea kwa miguu. Chukua bajaji ikufikishe mlangoni, iache iende, tembea, halafu simamisha nyingine upande utakaotokea.

Kukodi kwa nusu siku kuna maana ukitoka nje: kisima cha Adalaj, Sarkhej Roza, au vyote viwili. Huko kupata bajaji ya kurudi si uhakika. Patana kiasi kimoja kinachojumuisha kwenda, kusubiri na kurudi, taja kila kituo kwa jina, na lipa mwishoni. Akiomba ya gesi njiani, mpe kidogo na mkubaliane kwa sauti kwamba imetolewa kwenye jumla.

Naona bajaji zimejaza watu wasiojuana. Ni nini hiyo?

Hizo ni "shuttle", za kushea, zinazokwenda njia moja kama daladala. Ni rahisi sana, lakini hubana, na wapo madereva wanaopakia mtu hadi pembeni ya usukani, kinyume cha sheria. Ukiwa na mzigo mdogo na unajua unakoshukia, jaribu. Ukiwa na pochi mfuko wa nyuma, acha.

## Njia na vivutio

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Saa moja na nusu asubuhi panda bajaji hadi Swaminarayan Mandir, Kalupur. Hekalu hilo la mwaka 1822 ndilo la kwanza la madhehebu ya Swaminarayan, ambayo mahekalu yake unayajua ukiwa umekaa Nairobi, Mombasa au Dar. Nakshi za mbao zake zina rangi kali ajabu. Hapo hapo huanzia matembezi ya kuongozwa ya manispaa, yaliyoanza mwaka 1997, kwa kawaida saa mbili asubuhi. Yanakupitisha kwa miguu vichochoroni hadi Msikiti wa Ijumaa.

Msikiti wenyewe, Jama Masjid, ulikamilika mwaka 1424. Una nguzo 260, na uwanja wake wa mawe huchoma nyayo kuanzia saa tano, kwa hiyo ni vizuri umefika mapema. Minara yake miwili haipo: ilivunjwa na matetemeko ya ardhi ya 1819 na 1957. Toka hapo kwa miguu hadi Teen Darwaza, lango la matao matatu. Ndani ya kijishimo cha ukuta huwaka taa kwa ajili ya Lakshmi, mungu wa kike wa Wahindu wa neema na mali, na wanaoitunza ni ukoo wa Waislamu. Mbele yake ni uwanja wa ngome ya Bhadra, ambao magari hayaingii, hivyo dereva yeyote anayekuambia atakufikisha mlangoni mwa ngome hajui au anakudanganya.

Kula, pumzika, jua lipungue. Saa tisa na nusu nenda Jali, kisha saa kumi panda bajaji hadi Gandhi Ashram. Usiku malizia Manek Chowk. Vyote hivyo vina maswali yake hapa chini.

Jali ni nini, na kwa nini mnaisisitiza hivyo?

Ni msikiti wa Sidi Saiyyed, ulio karibu na Lal Darwaja. Madereva hawatumii jina refu, sema "Jali". Ulijengwa mwaka 1572 hadi 1573, siku za mwisho za usultani wa Gujarat, wakati Akbar, mfalme wa Mughal, anaingia na jeshi lake. Aliyeujenga, Sidi Saiyyed, alikuwa Mhabeshi katika msafara wa jemadari Bilal Jhajar Khan, ambaye naye alikuwa Mhabeshi.

Msikiti ni mdogo, na mtu asiyeambiwa anaweza kuupita akidhani ni ofisi ya zamani. Utukufu wake uko kwenye madirisha ya nusu duara. Kila moja limejazwa mawe yaliyotobolewa nakshi nyembamba kama kitambaa cha kushonwa kwa sindano. Mawili kati yake, kwenye ukuta wa kibla, yanaonyesha miti: mtende, na mti ambao matawi yake yanajisokota na kujaza tao lote. Nembo ya IIM Ahmedabad, chuo cha usimamizi wa biashara, imetokana na dirisha hilo. Dirisha la katikati limezibwa kwa mawe ya kawaida, halikupata nakshi.

Kibla kwa India ni magharibi. Maana yake ni kwamba jua la alasiri hupiga madirisha hayo kutoka nje na nuru huchujwa ndani. Ndiyo sababu nasema saa tisa na nusu, si asubuhi ambapo makundi ya watalii hupelekwa. Msikiti unaswaliwa, kwa hiyo epuka muda wa swala, hasa mchana wa Ijumaa. Wanawake huenda wakaambiwa wabaki uani. Kutoka hapo madirisha yanaonekana, ingawa si kwa ukaribu ule.

Jengo liko katikati ya kipilefti chenye magari pande zote. Mwambie dereva akushushe upande wa msikiti. Kuvuka barabara ile kwa miguu ndiyo hatari kubwa kuliko zote zilizotajwa katika ukurasa huu.

Kuna kumbukumbu nyingine za Waafrika jijini?

Ipo minara ya Sidi Bashir, inayoitwa Jhulta Minar, minara inayotikisika. Iko kando ya stesheni ya Kalupur, hatua chache tu, kwa hiyo usikubali kulipa bajaji kutoka stesheni. Inasimuliwa kwamba mnara mmoja ukitikiswa juu, wa pili hutikisika baada ya muda mfupi, na kiunganishi kati yake hakionyeshi kusogea. Kupanda kumepigwa marufuku, hivyo utaitazama kwa nje. Msikiti uliokuwa nayo uliharibiwa katika vita vya mwaka 1753.

Wasidi, watu wa Gujarat wenye asili ya Afrika, wapo hadi leo. Ziara yao kuu ni kwenye kaburi la walii wao Bava Gor, wilaya ya Bharuch, kusini. Ngoma yao huitwa goma. Bharuch si safari ya bajaji, nenda kwa treni.

Bajaji inaingia ndani ya "pol"?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Pol ni mtaa wa kale wenye lango lake, vichochoro, nyumba za mbao zilizochongwa, na mara nyingi mnara mdogo wa kulishia ndege uitwao chabutro. Baadhi zina njia za siri za kutokea pol jirani. Pikipiki hupita, bajaji hukwama. Dereva akijaribu kuingia utasikia mtaa mzima ukimfokea arudi nyuma, na wako sahihi.

Pol ni makazi ya watu. Salimia kwanza, usipige picha ndani ya milango iliyo wazi.

Gandhi Ashram inahitaji muda gani?

Saa moja na nusu inatosha. Iko ukingo wa magharibi wa Sabarmati, karibu kilomita 6 kutoka Lal Darwaja, yaani kama rupia 90 kwa hesabu ya mita iliyotolewa juu. Kuingia ni bure na kwa kawaida hufungwa saa kumi na mbili na nusu jioni.

Gandhi alihamia hapo 1917, na tarehe 12 Machi 1930 alitoka na wafuasi wake kwa miguu kwenda Dandi, zaidi ya kilomita 380, kupinga sheria ya chumvi ya Waingereza. Nyumba yake, Hriday Kunj, ina vyumba vitupu kiasi kwamba wageni huingia na kutoka kwa dakika mbili. Kaa barazani badala yake. Msomaji wa pwani huenda akapenda kujua kwamba mwaka 1893, akielekea Afrika Kusini kama wakili kijana, meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Zanzibar.

Manek Chowk ni salama usiku, na nitapata bajaji ya kurudi?

Ndiyo kwa yote mawili. Mchana ni soko la vito. Maduka yakifungwa, kuanzia kama saa tatu na nusu usiku, meza na majiko hujaa uwanja mzima hadi baada ya saa sita. Kuna pav bhaji, dosa, bhajia, kulfi, na sandwichi ya chokoleti na jibini ambayo wenyeji wanaisifu nami siielewi. Familia zenye watoto ndizo nyingi. Pembeni yake kuna makaburi ya malkia, Rani no Hajiro, na kaburi la Ahmad Shah mwenyewe.

Bajaji haziwezi kuingia uwanjani. Tembea hadi upande wa Teen Darwaza au barabara ya Gandhi Road. Usiku mita huongezeka na madereva hupandisha, hapo programu ya simu ndiyo nafuu.

Kama unataka chai mchana badala ya chakula cha usiku, mwambie dereva "Lucky, Lal Darwaja". Ni mgahawa uliojengwa kuzunguka makaburi. Meza ziko kati yake, na ukutani kuna mchoro wa M. F. Husain, mchoraji maarufu wa India.

Adalaj na Sarkhej Roza zinafikika kwa bajaji?

Sarkhej, ndiyo na kwa urahisi, kama kilomita 8 au 9 kusini-magharibi. Ni kaburi la Sheikh Ahmad Khattu pamoja na msikiti, makaburi ya masultani na bwawa kubwa lenye ngazi, vilivyojengwa zaidi katikati ya karne ya 15. Kwangu ndiyo sehemu tulivu kuliko zote za Ahmedabad, na watalii huikwepa kwa kuwa haiko njiani.

Adalaj ni kisima cha ngazi cha mwishoni mwa karne ya 15, ghorofa tano kwenda chini, mawe yote yamechongwa. Kiko karibu kilomita 18 kaskazini, nje ya jiji, wilaya ya Gandhinagar. Dereva atadai nauli ya kurudi hata kama wewe hurudi naye, na ana haki. Barabara ni ya magari makubwa na upepo wake ni vumbi tupu, basi funga shuka au mtandio usoni. Kama muda hautoshi, ndani ya jiji, Asarwa, kuna kisima cha Dada Hari: kidogo, bila umati, na bajaji ya mita inakufikisha.

Makumbusho ya vitambaa ya Calico yana masharti gani?

Huwezi kufika tu ukaingia. Lazima uweke nafasi mapema, idadi ni ndogo, hufungwa Jumatano, na simu na mikoba huachwa nje. Hivyo usiite bajaji ya kusubiri, ziara ni ndefu. Kwa anayejua thamani ya kitambaa, hakuna sehemu ya kulinganisha nayo.

## Adabu na usalama

Nivae nini?

Nguo zinazofunika mabega na magoti, na viatu vya kuvua haraka, kwa sababu utavivua kwenye misikiti na mahekalu yote. Soksi zinasaidia mawe yakiwa ya moto. Ndani ya bajaji, mtandio ulioachwa ukining'inia nje unaweza kunaswa na gurudumu. Ukunje mapajani.

Mwanamke akiwa peke yake?

Ahmedabad ni miongoni mwa miji ya India ambako wanawake huonekana nje hadi usiku, na wengi hupanda bajaji peke yao. Bado chukua tahadhari za kawaida: piga picha namba ya gari kabla ya kupanda, mtumie mtu, na usikubali dereva aongeze rafiki kiti cha mbele. Namba ya dharura ni 112, na Gujarat ina namba ya msaada kwa wanawake, 181.

Mwafrika atapokewaje?

Atatazamwa sana, ataombwa picha, na watoto watamfuata. Mara nyingi ni udadisi tu. Lakini ni haki kusema pia kwamba Machi 2024 kundi la watu liliwavamia wanafunzi wa kigeni, wakiwemo Waafrika, katika bweni la Chuo Kikuu cha Gujarat walipokuwa wakiswali usiku wa Ramadhani. Kwa mtembezi wa mchana hali si hiyo, ila anayekwenda kuishi azungumze kwanza na wenzake walioko huko kuhusu mtaa wa kupanga.

Dereva anasisitiza anipeleke duka la kaka yake.

Si la kaka yake. Ni kamisheni, na inaongezwa kwenye bei yako. Kataa mara moja kwa utulivu, taja tena unakokwenda. Kama ni vitambaa unavyotaka, nenda mwenyewe soko la Dhalgarwad karibu na Teen Darwaza, kwa miguu.

Dereva amenong'ona kwamba anaweza kuniletea bia.

Gujarat ni jimbo ambalo pombe imepigwa marufuku. Wageni wa nje wanaweza kupata kibali rasmi na kununua kwenye duka lenye leseni. Chochote kinachotoka chini ya kiti cha bajaji ni kosa la jinai, na cha kutengenezwa kienyeji kimeshaua watu jimboni humo.

## Hali zisizo za kawaida

Jua kali au mvua kubwa?

Wakati wa joto, tembea saa moja hadi saa nne asubuhi, kisha baada ya saa kumi na moja jioni. Mvua ni Julai hadi Septemba. Bajaji ina pazia la turubai pembeni, maji huingia hata hivyo. Barabara zikijaa, hasa njia za chini ya reli, madereva hawavuki, subiri, usimshawishi.

Sikukuu zinaathiri usafiri?

Sana. Tarehe 14 na 15 Januari ni Uttarayan, sikukuu ya vishada, na jiji zima liko juu ya mapaa. Nyuzi zake hupakwa unga wa kioo na hukata ngozi, basi usitoe kichwa wala mkono nje. Juni au Julai maandamano ya Rath Yatra huanzia hekalu la Jagannath, Jamalpur, na sehemu kubwa ya mji wa kale hufungwa. Navratri, Septemba au Oktoba, watu hucheza garba usiku tisa na bajaji hupatikana hadi usiku wa manane, kwa bei ya kupatana.

Tuko wanne na mabegi.

Kisheria ni abiria watatu. Chukua mbili, mpeane jina la alama ya kukutania. Mabegi mawili makubwa yanajaza kiti chote.

Ninamuuguza mgonjwa. Bajaji inafaa?

Kwa mtu anayetembea kidogo, ndiyo: sakafu iko chini na hakuna mlango wa kupambana nao. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo au mgongo, hapana, matuta ya barabarani ni mengi mno. Kiti cha magurudumu kinachokunjwa hukaa nyuma ya kiti au mapajani. Akitaka kuona kitu kimoja tu, mpeleke ukingo wa mto, ambako njia ni tambarare.

Nimesahau mkoba ndani ya bajaji.

Ukiwa umetumia programu, piga kupitia safari iliyohifadhiwa. Ukiwa umesimamisha barabarani, unahitaji namba ya gari, ambayo Ahmedabad kwa kawaida huanza na GJ 01 au GJ 27. Ndiyo maana ya ile picha iliyotajwa kwenye swali la mwanamke peke yake, na inamfaa mwanamume vilevile. Nenda nayo kituo cha polisi kilicho karibu na uliposhukia, lakini kabla ya hapo pita kwenye kijiwe cha riksha cha eneo hilo ukawaonyeshe madereva. Wao hujuana kwa namba na hupigiana simu haraka.